Nani kasema miezi ya Uranus ni mali ya Shakespeare?

Agosti 2025 ilitangazwa kwamba darubini ya anga ya James Webb imenasa mwezi mwingine wa sayari ya Uranus. Ni kitu kidogo tu, kipenyo chake kama kilomita 10, na hata chombo cha Voyager 2 kilipopita jirani Januari 1986 hakikukiona. Ukawa mwezi wa 29. Habari kama hizi hunifurahisha kuliko matokeo ya mpira, na siku hiyo nilikuwa na furaha isiyo kifani, mpaka rafiki yangu mmoja, msomi kabisa, aliponitumia habari hiyo hiyo na maneno haya chini yake: "Haya, tusubiri Shakespeare atatupa nani safari hii. Mila ni mila."

Mila gani?

Nauliza kwa sababu kila mtu anayethubutu kuhoji majina ya miezi ya Uranus hutupiwa jibu hilo, na mazungumzo yanaishia hapo. Miezi ya Mshtarii ni wapenzi na wazao wa Zeu, ya Neptune ni viumbe wa kwenye maji, ya Uranus ni ya Shakespeare, kaa chini. Kanuni ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia inasema hivyo: mwezi wa Uranus utapewa jina la mhusika kutoka kazi za William Shakespeare au kutoka utenzi mmoja wa Alexander Pope. Waandishi wawili, wote Waingereza, na mmoja wao ameingia kwa shairi moja tu. Ndiyo hazina yote ya majina iliyotengwa kwa ajili ya sayari iliyo umbali wa kilomita karibu bilioni 3 kutoka kwenye Jua.

Basi tuifuate hiyo mila hadi kwenye chimbuko lake, tuone kama ipo.

Uranus iligunduliwa Machi 1781 na William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath, Uingereza, aliyekuwa akijitengenezea darubini mwenyewe. Akaamua kuiita Nyota ya George, kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu. Mfalme naye hakuwa mchoyo, akampangia pauni 200 kwa mwaka. (Galileo alifanya hivyo hivyo kwa miezi minne ya Mshtarii, alipoipa jina la ukoo wa Medici. Kujipendekeza kwa wakubwa ni desturi ya kale zaidi kuliko yoyote katika fani hii.) Ulaya nzima iliguna. Johann Bode, Mjerumani, akapendekeza Uranus, mungu wa anga wa Wagiriki, na jina hilo ndilo likashika. Kitabu rasmi cha Waingereza cha mabaharia kiling'ang'ania jina la George mpaka 1850, kisha nacho kikasalimu amri. Kumbukeni hilo kila mtakapoambiwa kwamba majina ya angani hayaguswi.

Mwaka 1787 Herschel huyo huyo akaona miezi miwili. Ikakaa miaka zaidi ya 60 bila majina, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1851 William Lassell akaona mingine miwili, na mwaka uliofuata John Herschel, mwana wa William, akatangaza majina ya yote minne kwa pamoja: Titania, Oberon, Ariel, Umbriel.

Sasa tazameni hayo majina manne kwa makini, maana hapa ndipo hoja yangu yote ilipo.

Titania na Oberon ni malkia na mfalme wa viumbe wa kimazingaombwe katika tamthilia ya Shakespeare ya ndoto ya usiku wa kiangazi. Sawa, wawili wa Shakespeare. Ariel yumo kwa Shakespeare katika tamthilia ya Tufani, lakini yumo pia kwa Pope. Umbriel je? Umbriel hayumo kwa Shakespeare kabisa. Tafuta tamthilia zote, hutamkuta. Ni wa Pope, katika utenzi wa mzaha wa karne ya 18 unaosimulia ugomvi uliozuka baada ya bwana mmoja kumkata msichana kishungi cha nywele. Ndiyo, jamani. Katiba ya miezi ya Uranus ina ibara nzima inayotokana na kesi ya nywele.

Kwa hiyo mila ya Shakespeare ilikuwa imevunjika siku ile ile ilipozaliwa. Mwezi mmoja kati ya minne si wake, na mwingine ni wa ubia. Kama Herschel mdogo alikuwa anamuenzi Shakespeare, basi hakujua kuhesabu, na huyu alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake.

Alichokifanya kinaonekana waziwazi ukiacha kutazama jalada la kitabu na kuwatazama wahusika wenyewe. Wote wanne ni viumbe wa hewani. Si binadamu, si miungu. Ni wale wasioonekana, wanaopita na upepo, wanaofanya vituko na kutoweka. Uranus ni mungu wa anga, naye kazungukwa na pepo wa anga. Ni wazo zuri ajabu, tena linaeleweka na mtu yeyote, kwa sababu sijasikia bado habari za watu waliowahi kuishi duniani wasiokuwa na viumbe wa namna hiyo katika masimulizi yao. Herschel alichota kwenye rafu iliyokuwa karibu na mkono wake, ya Kiingereza. Simlaumu. Lawama yangu ni kwa waliokuja baada yake wakadhani rafu ndiyo wazo.

Aliyeanza ni Gerard Kuiper. Mwaka 1948, akiwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha McDonald huko Texas, aligundua mwezi wa tano akauita Miranda. Miranda wa Tufani ni msichana wa kawaida, mtoto wa Prospero, mwenye damu na machozi. Hana ubawa wala uchawi. Hapo ndipo uzi ulipokatika: kutoka pepo wa anga tukahamia kwa "yeyote aliyewahi kuandikwa na Shakespeare". Voyager 2 ilipofika ikaibua miezi 10 kwa mpigo, na majina yakamwagwa: Cordelia, Ophelia, Bianca, Cressida, Desdemona, Juliet, Portia, Rosalind, Belinda na Puck. Puck ndiye pekee aliyeirudia njia ya Herschel, na baadaye Mab, uliogunduliwa kwa darubini ya Hubble mwaka 2003. Waliobaki ni mabinti wa watu.

Tena mabinti gani! Ophelia kazama majini, Desdemona kanyongwa kitandani na mumewe, Juliet kajichoma kisu, Cordelia katiwa kitanzi gerezani. Tumeizungushia sayari makaburi ya wanawake. Na wataalamu waliokokotoa mwendo wa miezi hii ya ndani, iliyobanana kama abiria, wanasema Cressida na Desdemona huenda wakagongana katika kipindi kisichozidi miaka milioni 1 hivi, yaani masikini Desdemona hata huko hajasalimika. Waliosoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere watafurahi kwamba angalau Portia, yule wakili wa kujitungia, yupo na yuko mzima. Shylock hakupata mwezi.

Lakini hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike ni Sycorax.

Mwaka 1997, kwa darubini kubwa ya Palomar, waligunduliwa miezi miwili ya namna tofauti kabisa. Hawa hawakuzaliwa na Uranus. Walikuwa wapita njia, wakanaswa na mvuto wake. Wako mbali mno, wanazunguka kinyumenyume na mzunguko wa sayari, kwenye njia zilizopinda na kuinama, na rangi yao ina wekundu kidogo. Mateka, kwa lugha nyepesi. Na majina yaliyochaguliwa kwa ajili ya mateka hao ni Caliban na Sycorax.

Kwa wasioikumbuka Tufani: Sycorax ni mwanamke wa Algiers. Mwafrika. Alifukuzwa kwao akiwa mjamzito, akatupwa kisiwani, akamzaa Caliban, akafa. Prospero alifika baadaye na Miranda wake, akakitwaa kisiwa, akamfanya Caliban mtumwa wa kubeba kuni. Caliban anasema waziwazi kwamba kisiwa ni chake kwa urithi wa mama yake, na hakuna anayemjibu kwa hoja, anatukanwa tu. Sycorax mwenyewe hasemi neno hata moja katika tamthilia nzima, keshakufa. Kila tunachokijua kuhusu uchawi wake na uovu wake tunaambiwa, na msimulizi mkuu ni Prospero, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Mwenye kunyang'anya shamba ndiye anayesimulia tabia za mwenye shamba aliyekufa!

Huyo ndiye Mwafrika aliyepewa mwezi Uranus, yeye na mwanawe. Mchawi na mtumwa. Othello, Mwafrika mwingine wa Shakespeare, ambaye angalau alikuwa jemadari, hakupata mwezi, alipata kreta moja, yaani shimo, juu ya uso wa Oberon, huku mkewe Desdemona, aliyeuawa naye, akipewa mwezi mzima, na kwa hilo siwezi hata kulalamika. Setebos, mwezi mwingine wa huko mbali, una jina la mungu wa watu wa Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, aliyetajwa na Pigafetta, yule mwandishi wa safari ya Magellan, na Shakespeare akamchukua na kumfanya mungu wa Sycorax. Watu wenye mungu wao, mungu akageuzwa kikorokoro cha mchawi, kisha akarushwa angani chini ya jina la Shakespeare. Ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, ipo kreta inayoitwa Setibos kwenye uso wa Umbriel, na humo kaandikwa kama mkuu wa mashetani. Mara mbili kapewa nafasi, mara zote mbili upande wa giza.

Mtu ataniambia hakuna aliyekusudia ubaya. Najua. Wagunduzi walikuwa wanatafuta majina ya miezi ya mbali, migeni, yenye mwendo wa kinyume, wakafungua kitabu walichoruhusiwa kukifungua, wakatafuta humo mtu wa mbali, mgeni, wa kinyume. Kitabu kikawajibu kwa kadiri ya mwandishi wake na zama zake. Ukilazimishwa kuchota Afrika yote kutoka kwa mtunzi mmoja wa London wa miaka ya 1600, utapata alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni hicho.

Mgala muue na haki yake umpe: nimelipenda jina la Sycorax. Nilipenda hata kabla ya kujua kwamba ndio mkubwa kuliko miezi yote ya kundi lake la nje, kipenyo chake kilomita 150 au zaidi kidogo, wakati ule unaoitwa Prospero ni mdogo kwake sana na uko mbali zaidi na sayari. Huko angani bwana mkubwa ndiye aliyefukuzwa. Sitaki jina hilo lifutwe, wala jina lolote. Ninachotaka ni kwamba asiwe peke yake.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu imeshafanyika, tena papo hapo jirani.

Nenda Neptune. Mwezi wake mkubwa, Triton, ulipigwa picha na Voyager 2 mwaka 1989, na ilipofika zamu ya kutaja mabonde na makreta yake, ilikubaliwa yatumike majina ya viumbe na mambo ya kwenye maji kutoka mila za dunia nzima, ukiacha za Wagiriki na Warumi ambao walikuwa wameshiba. Matokeo yake kuna kreta Triton inayoitwa Mazomba, samaki mkubwa wa masimulizi ya Wachaga. Wachaga, watu wa mlimani, wana samaki kwenye mwezi wa Neptune! Nikilifikiria hilo hucheka peke yangu. Nenda Zohali: majina ya majitu ya Kigiriki yalipoanza kuadimika, milango ikafunguliwa kwa Wainuiti, Wagali na watu wa Skandinavia, na leo Kiviuq, Paaliaq na Siarnaq wanazunguka huko. Sayari haikuanguka. Nenda mbali zaidi, nyuma ya Neptune, kuna gimba liitwalo Gǃkúnǁʼhòmdímà, msichana wa masimulizi ya Wasan wa kusini mwa Afrika, pamoja na mwezi wake Gǃòʼé ǃHú. Wanaastronomia wanaoweza kuandika alama hizo zote kwenye katalogi hawawezi kuniambia kwamba jina lisilo la Kiingereza litawasumbua.

Kinachonikera kupita yote ni kwamba hata Uranus kwenyewe mlango uko wazi nusu. Makreta ya Umbriel yanaitwa kwa majina ya pepo wa giza wa mataifa mbalimbali: kuna Wunda wa wenyeji wa Australia, kuna Wokolo wa Wabambara, kuna Minepa wa Wamakua. Ariel, mwezi ng'aavu, ukapewa pepo wema, na humo kuna bonde refu la Kra, lenye jina la roho katika imani ya Waakan wa Ghana. Yaani juu ya ngozi ya miezi, wazo la Herschel limeeleweka barabara na kupanuliwa mpaka kwa Wamakua. Ila ukifika kwenye mwezi wenyewe, mlinzi anakusimamisha na kukuuliza: unaye Shakespeare?

(Ndiyo, nimeona kwamba kwenye orodha ya giza Waafrika tuko wawili na kwenye ya nuru tumepata bonde moja. Leo sina nguvu ya kuligombania na hilo.)

Kuna wanaosema Shakespeare ni wa dunia yote. Vizuri, basi dunia yote nayo iwe yake, tubadilishane.

Kuna wanaosema kanuni moja husaidia kumbukumbu, kwamba ukisikia Rosalind unajua ni Uranus. Hilo nakubali, shingo upande. Lakini kanuni ya pepo wa anga ingesaidia vilevile, tena ingebaki na maana hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika tamthilia ya Kiingereza maishani mwake. Na mgunduzi ana haki ya kupendekeza jina la alichokigundua, siipingi haki hiyo, ndiyo maana naomba apanuliwe uwanja, si apokonywe kalamu.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Uranus imelala ubavu, mhimili wake umeinama nyuzi 98, na mwaka wake ni miaka 84 ya kwetu, kwa hiyo kila ncha hukaa gizani miaka kama 42 kisha mwangani miaka mingine kama hiyo. Voyager 2 ilipofika, Jua lilikuwa linapiga upande wa kusini. Ile miezi mikubwa mitano tunaijua nusu tu. Upande wa kaskazini wa Titania, wa Ariel, wa Miranda yenye magenge ya kutisha, haujawahi kuonekana kwa karibu na yeyote. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa Marekani liliweka chombo cha kwenda kuizunguka Uranus kuwa kipaumbele cha kwanza kati ya safari kubwa za sayari. Siku kitakapofika, kitafungua nusu nzima ya dunia tano, na miezi midogo ambayo hata James Webb haiioni itajitokeza kwa makundi. Majina yatahitajika kwa wingi, tena haraka, na watu wenye haraka hutumia kanuni wanayoikuta mezani. Kanuni ibadilishwe sasa, wakati foleni bado fupi.

Na kama kuna anayetaka pa kuanzia: ule mdogo wa 2025, ambao hadi naandika haya unaitwa S/2025 U 1 kama namba ya gari, uko kati ya Ophelia na Bianca, na unaizunguka Uranus kwa muda usiofika saa 10. Ni mdogo, una mbio, hauonekani, na uko kwenye sayari ya mungu wa anga. Sisi tunaye pepo anayesafiri ndani ya kisulisuli, anazungusha vumbi na kuvuruga kila kitu kisha anapotea. Anaitwa Kinyamkera. Pendekezeni wa kwenu kama mnaye anayefaa zaidi, lakini asiwe binti mwingine aliyekufia kitandani.